Kigingi Namba Kumi na Saba

Kazi yangu ni kushika fimbo yenye namba
nisitikisike. Injinia Kisendi yuko ng'ambo,
jicho moja kwenye darubini, mkono hewani:
kushoto, kushoto kidogo, hapo hapo.
Zamani niliinama humu humu na koleo
nikipakia lori tripu kwa tripu,
mpaka nikajua kwa unyayo
wapi mchanga ni wa lipu, wapi wa zege.

Kwenye bango pale darajani mto ni wa bluu.
Una mtumbwi. Una bata wawili weupe,
na mama wa miwani anavuta kijibwa kwa kamba.
Nyuma yake hoteli ya vioo, ghorofa tisa.
"Ufukwe wa Jiji. Njoo Upunge Upepo."
Upepo tunao. Upepo wa Dodoma hausubiri mradi,
Septemba unang'oa bati na kutia vumbi kwenye mlenda.
Maji ndiyo yanayokuja siku chache kwa mwaka,
tena usiku, bila hodi.

Asubuhi ile tulimkuta Sechelela Chibago
amezama mpaka kiunoni katika mto mkavu,
anachota kwa kata, ananyamaza, anangoja
shimo litoe jingine.
Injinia akamuuliza kwa adabu, kalamu mkononi:
"Mama, kingo za mto ziko wapi?"
Akatazama kulia, akatazama kushoto,
kama mtu aliyeulizwa usingizi unaishia wapi.
"Mwaka ule ulifika kwenye geti la stoo ya saruji.
Mwaka jana haukufika hata hapa nilipo.
Nawe unataka kuupima ukiwa umelala?"

Injinia akacheka, akaandika.
Tukagonga kigingi namba kumi na saba
hatua tatu kutoka kwenye ndoo yake.

Sisemi mji usikue.
Nyemo wangu yuko darasa la sita,
anasoma chini ya taa iliyokuja na lami.
Na zile nepi, chupa, mzoga wa mbwa korongoni
si urithi wa mtu yeyote.
Lakini ile X nyekundu ukutani kwa Sechelela
niliichora mimi. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika,
mguu mmoja ukarefuka
mpaka kizingitini alipoanika uwele.
"Ungechora vizuri basi," akasema. "Watapita wageni."
Fidia ya nyumba ina mstari wake kwenye fomu.
Ya kisima haina,
kwa kuwa kisima kinahama kila kiangazi.

Tangu shule tunasimuliwa kuhusu tembo
aliyekuja kunywa maji akadidimia,
na mji ukapata jina.
Hakuna aliyewahi kuniambia kama walimtoa.

Januari, usiku wa kuamkia Jumatano,
nilisikia kama malori yanamwaga kokoto
yote kwa pamoja, bila kumaliza.
Kulipokucha, vigingi ishirini na vitatu havikuwepo.
Bango lilikuwa limelala kifudifudi,
mto wa bluu unakunywa mto wa udongo.
Stoo ya saruji ilikuwa imeganda mifuko yote,
mawe yenye nembo.

Kimoja kilipatikana. Sechelela amekifungia mbuzi
juu kabisa, karibu na reli.
"Namba yenu hii hapa," akasema, "sijaifuta."
Mbuzi alikuwa ametafuna ile saba, imebaki moja.

Jumatatu simu ikaita: njoo na fimbo, tunaanza upya.
Nimesimama katikati. Mchanga bado mbichi,
una baridi kama tumbo la mtungi.
Injinia ameinamia darubini yake, ananipungia
nisitikisike.
Sitikisiki.
Ni hapa chini panapokwenda.