Kibubu

Bi Mgeni wa masjala aliinyoosha fomu kwa kiganja,
akaniuliza: Kazi ya mwanzo?
Nikamwambia fundi friji, Machomane, kibanda cha bati
nyuma ya duka la unga, miaka ishirini na miwili.
Mwajiri?
Nikacheka. Mie mwenyewe.
Akaandika: Hakuna.

Nikalitazama neno lile.
Mlikuwamo gesi iliyoniunguza kope,
mlikuwamo msimu wa karafuu, noti zinanukia majani,
kila friji ya Chake inataka ipone kabla ya Idi;
na mwaka ule mikarafuu ilipogoma
friji zile zile zikageuzwa kabati la vikombe,
nami nikawa mtu wa kukalia ndoo.

Nilikuwa na kibubu. Nilikigongomea misumari mwenyewe,
nikikifungua mwenyewe.
Ada ya skuli: kisu.
Jino la mke wangu, Time: kisu.
Mkopo wa Faki, ambao sote tukijua si mkopo: kisu.
Mdomo wake ukatanuka
hata sarafu ikiingia hailii.

Faki huyo alishika spana
mpaka hatambui waya mwekundu na wa buluu.
Tukamchangia miwani. Kisha tukamchangia unga.
Kisha sanda, na kila mtu akatoa haraka
kama anayelipa deni lake la mbele.

Sasa mie mtu wa hospitali, nalinda majokofu ya chanjo.
Mwisho wa mwezi nimepewa karatasi:
mshahara, na chini yake, *Mchango wa Mfuko*,
elfu thelathini na moja na mia tano.
Nimeupitia mstari huo
kama ninavyopaka povu la sabuni kwenye bomba.
Nikasema: Panavuja hapa.
Haivuji, Fundi. Inakwenda kwako.
Kwangu mie yupi?
Yule wa miaka sitini.

Simjui. Nina arubaini na saba.
Kila mwezi nitampelekea pesa mtu nisiyemjua,
wala sina hakika nitamkuta nyumbani.

Bi Mgeni akaongeza, taratibu, kama anayechoma sindano:
Hata kule Machomane ungeweza kuchangia. Kwa hiari.
Hiari! Na kisu kiko jikoni.

Usiku wa zamu natega sikio kwenye jokofu.
Linanguruma, linanyamaza.
Hili halifunguliwi ovyo: ukilifungua bila sababu
baridi inatoka, na mtoto wa Kengeja
anadungwa maji matupu.
Nimeliandikia tangazo kwa mkono wangu: USIFUNGUE.
Halafu nikasimama nikilisoma, mie niliyeliandika.

Nyumbani Time amekiziba kibubu kwa gundi.
Cha nini tena? nikamuuliza. Mfuko si upo?
Akatumbukiza mia mbili, ikalia.
Cha jino jengine, akasema.