Rula ya Mbao

Saa moja kasorobo asubuhi, Januari, Dundee.
Mto Tay hauonekani; tunausikia mifupani.
Nawasha feni kwanza, taa baadaye.
Nasoma kipimo cha oksijeni mlangoni: ishirini nukta tisa.
Hapo ndipo miguu hupewa ruhusa.

Morag, mkuu wetu, mwaka wa sita huu ananiita Sumu.
Nilimwambia ni Saumu, nilizaliwa mwezi wa mfungo.
Akajaribu, akashindwa, nikamwachia.
Humu chumbani jina hilo si la kuchezea,
lakini naitika.

Matangi saba, kimya kama wakwe.
Ndani yake naitrojeni, baridi ya hasi mia moja tisini na sita,
na ndani ya baridi hiyo viinitete,
vidogo kuliko nukta ya kumalizia barua.
Sina majina yao. Nina namba, na rangi ya mrija.

Kipimo cha umeme kipo, kina kioo na taa ya kijani.
Mimi bado naamini rula ya mbao.
Naizamisha hadi chini, nahesabu kumi,
naitoa, naipunga hewani,
na jalidi inaota juu ya mbao, nyeupe,
ikakoma pale kimiminika kilipokoma.
Naandika. La kwanza, thelathini na tisa. La pili, arobaini.
La tatu, thelathini na tisa unusu.
La nne, thelathini na moja.

Jana lilikuwa thelathini na nane.

Naizamisha tena. Mbao haina upendeleo.
Nalizunguka tangi na tochi.
Begani, chini kidogo ya shingo, linatoka jasho.
Tangi lenye afya halitoki jasho.
Kati ya koti lake la nje na la ndani hamna kitu, ombwe tu,
na hicho kisicho kitu ndicho kilichofanya kazi yote miaka kumi na minne.
Sasa hewa imepenya, kwa ufa nisiouona,
hewa hii hii tunayoivuta.

Struan, mwanagenzi, ana wiki tatu.
Siku ya kwanza alikuja na glavu za kumbana, suruali ndani ya buti.
Nikamtoa suruali nje ya buti, nikampa glavu zangu,
na ubeti, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza ulikataa kusimama:

*Glavu za kuning'inia, zing'oke zikiingiwa,*
*Mlango wazi achia, hewa mpya kupokewa,*
*King'ora kikishalia, toka bila kuambiwa,*
*Mwenzio akizimia, ukingia utaliwa.*

Tunahamisha. Kasha baada ya kasha, kwenda tangi la saba,
ambalo kazi yake ni kungoja siku kama hii:
limejaa baridi, halina mtu.
Mvuke unamwagika shingoni, unatambaa hadi vifundoni.
Hauna harufu. Hauna rangi ukishatulia. Hauna ubaya na mtu;
unachukua tu nafasi ya pumzi.

King'ora.
Kumi na tisa nukta nne, na inashuka.
Kasha moja limebaki, na Struan ameshanyoosha mkono.
Namshika mkono wa koti, namvuta.
Limezama, linaweza kungoja. Sisi hatuwezi.

Koridoni tunasimama dakika kumi na moja.
Anapiga simu, anarudi, anaegemea ukuta.
“La nani lile?”
Namwambia namba.
“Hapana, la nani?”
Natazama kipimo kikipanda, desimali kwa desimali.
Kisha namsikia chini kwa chini, kwa lafudhi ya mitaa ya Lochee:
*toka bila kuambiwa, toka bila kuambiwa.*

Ishirini nukta tisa. Tunarudi. Tunalihamisha.

Jioni Morag ametia sahihi, amefunga kadi nyekundu shingoni mwa tangi la nne.
Mfuniko uko wazi, feni inanguruma, jasho limekauka begani.
Nimevaa koti la kwenda nyumbani.
Nazamisha rula, nahesabu kumi,
naipunga.
Mbao tu.