Dirisha Linafungwa Ijumaa

Kalia hiyo ndoo, kiti kimevunjika mguu.
Umeme ukikatika tusilaumiane,
nimeshahifadhi mpaka ukurasa wa tatu.

Jina?
Sechelela Masinjisa Chilewa.
Kwenye cheti cha kuzaliwa baba yako ni Masinjisa,
kwenye cheti cha kidato cha nne ni Masinjiza.
Herufi moja, mwanangu.
Kijana mmoja wa Pandambili alirudishwa kwa herufi moja,
akaja kuniaga hapa dirishani, amekonda
kama bua la mtama ng'ombe wakishapita.
Kesho wahi kwa wakili ukaape. Usimpe pesa ya kwanza anayoitaja.

Nje wanapakia mahindi.
Upepo wa Julai hapa Kibaigwa hauna adabu,
umeingiza vumbi mpaka ndani ya kibodi;
herufi ya A naipiga ngumi.

Haya. Chaguo la kwanza.

Umenyamaza.
Baba yako kanipigia jana usiku:
"Mwandikie uhandisi. Huoni reli? Huoni lami?
Nchi nzima inajengwa, na wanangu wamekaa."
Nikamwambia, mzee, uhandisi unataka Fizikia na Hisabati,
binti yako kasoma Kemia, Baiolojia na Jiografia.
Akasema, si sayansi hiyohiyo?
Kwake sayansi ni gunia moja,
hajui humo kuna mahindi na kuna pumba
na kuna jiwe wameweka ili mizani ipande.

Asubuhi akapiga mjomba wako wa Mpwapwa. Uuguzi.
Watu hawaachi kuugua, kasema, hiyo ni ajira.
Kweli hawaachi.
Lakini wewe ndiye utakayekesha na hao wagonjwa,
mjomba atakuwa kalala.

Unasemaje? Ongeza sauti, lori linanguruma.
Udongo?
Unataka kusomea udongo?

Sicheki. Nimekohoa, vumbi.
Kwa nini udongo?

"Shamba la bibi, upande wa korongo uwele hausimami,
upande wa kilima unasimama.
Mvua ni ileile. Mbegu ileile. Jembe lile lile.
Nataka kujua."

Subiri niandike hilo pembeni, kwenye karatasi.
Miaka kumi na moja najazia watu fomu,
wengi huniambia mshahara, wengine huniambia rafiki yao kajaza nini.

Mimi nilijaza moja tu.
Sheria, na mistari mingine nikaipiga wino,
nikaona kujaza ya pili ni kujitabiria mkosi.
Majina yakatoka gazetini, kurasa nne.
Nikazisoma zote mpaka nikafika matangazo ya misiba,
nayo nikayasoma.

Kwa hiyo utajaza tatu. Udongo, Morogoro.
Kilimo chini yake.
Na ya tatu hapa Dodoma, karibu na nyumbani,
kozi ambayo alama zako zinaitosha na chenji inabaki.
Usiikunjie uso. Mwenye njaa hachagui sufuria,
ila na wewe usianze kuomba ukiwa na njaa.

Mkopo ni ukurasa mwingine na machozi mengine.
Mtendaji wa kijiji agonge muhuri, yupo Jumatano tu.
Na mwambie baba asiuze mbuzi wote Septemba.
Bumu huchelewa. Abakize wawili,
mmoja wa godoro, mmoja wa siku utakayopiga simu
ukisema "mimi mzima" kwa sauti isiyo nzima.

Tuma.
Kaduara kanazunguka. Usikaguse.

Namba hii iandike mahali pawili.
Si kiganjani! Leo si unafua?

Simu yangu inaita. Ni yeye.
Hapana, sipokei mimi.
Chukua, pokea wewe.
Usianze na Morogoro.
Anza na shamba la bibi, ule upande wa korongo.