Gari Lililolipiwa Wimbo

Mimi ndiye niliyemwendesha Ulysse Malveaux
miaka kumi na tisa, kwa kuwa hakuona usiku.
Cheka ukitaka: mtu aliyekula kwa usiku,
na sura ya huo usiku hakuijua.
Jua likizama Opelousas ananipa ufunguo,
anakaa nyuma, gita mapajani kama mtoto mwenye homa,
nami, Odelia, dada wa mkewe,
nashika usukani na kuomba petroli itoshe.

Gita la kwanza alilibuni kwa debe la mafuta ya nguruwe
na waya aliouchomoa kwenye mlango wa jikoni.
Hilo nilisimuliwa.
La pili nililiona: la umeme, jekundu, la mkopo,
dola mbili kila Ijumaa,
na Ijumaa za maskini huja mbili mbili.
Sauti yake? Sauti ya mtu anayekuita
kutoka ng'ambo ya shamba la mpunga
na hataki majirani wajue ni wewe anayekuita.

Houston, mwaka wa hamsini na tano,
aliimba "Delphine, Fungia Kuku."
Delphine ni dada yangu. Kuku walikuwa wa kweli.
Dakika mbili na nusu, saksofoni moja, ngoma,
na lile gita likikwaruza kama kucha kwenye bati.
Bwana Tuttle akavua miwani, akauliza:
unataka asilimia, au unataka gari?
Asilimia, Ulysse hakujua kama hupakwa mkate
au huvaliwa kichwani.
Gari alilijua.
Akatia sahihi: herufi saba, ya mwisho imepinda.

Basi tukawa tunasafiri ndani ya wimbo.
Biuki ya kijani, kiti cha mbele kimetobolewa na sigara.
Beaumont, Mobile, Meridian,
chakula mlango wa nyuma wa jikoni za watu,
kulala humo humo, miguu nje ya dirisha,
na kesho watu mia tatu wanaruka hadi sakafu inalia,
wanawake wanavua viatu, jasho linadondoka darini.
Nimeona. Nilikuwa nakusanya viingilio mlangoni.

Usiku mmoja, njia ya Alabama, polisi akatusimamisha.
Gita la nani? La kwangu, bwana. Lipige, basi.
Akalipiga kando ya barabara, bila umeme,
macho yake hayaoni hata ile tochi vizuri,
akaimba "Delphine" yote, vyura wakanyamaza.
Polisi akatikisa kichwa:
huo ni wa wale vijana wa televisheni.
Unawaiga vibaya.
Akaturuhusu twende.
Maili arobaini hakuna aliyesema neno.
Kisha Ulysse akasema: waliuimba haraka mno,
hao vijana. Kuku hawafungiwi kwa haraka.

Biuki ilikufa Hattiesburg, mwaka wa sitini na nane.
Mnunua vyuma akatoa dola kumi na moja.
Nikazihesabu mara mbili,
nikitafuta humo hata ubeti mmoja.

Baadaye alipiga deki shule ya Port Arthur.
Watoto walimwita Bwana Ndoo.
Siku moja supamaketini, karibu na njegere za kopo,
akasimama, akainua uso darini:
"Delphine," kwenye spika,
inatangaza kuku wa kukaanga.
Alicheka mpaka akakaa chini, kofia mkononi,
mwanamke mmoja akamtupia sarafu.
Aliichukua. Alinunulia chumvi.

Mwishoni, mchana nao ulimtoroka.
Nilikuwa nakwenda kumnyoa kila Jumanne,
naye anagusa kidirisha kama kina moto, anauliza:
Odelia, limezama?
Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa kitandani.
Nikasema, limezama.
Akaingiza mkono mfukoni mwa pajama,
akanipa ufunguo ambao haukuwapo,
nami nikaupokea,
nikauliza leo tunapiga wapi.