Daftari la Mangweni

Jumatatu Sidi alinijia kabla sijawasha jiko,
leso ameifunga kiunoni kama aendaye vitani.
"Mbodze, nipe daftari."
Nikadhani amekuja kulipa.

Hakuja kulipa.
Kule Makadara daktari alimuuliza mumewe:
unakunywa kiasi gani?
Naye Kombe, koo limeziba hata uji unarudi,
akajibu kwa sauti iliyobaki:
"Kidogo. Sikukuu tu."

Sidi hakumbishia mbele ya watu.
Alipanda tuktuk hadi Mishomoroni
kuitafuta sikukuu hiyo kwenye karatasi zangu.

Mimi huandika kila kitu.
Baba alikuwa mgema asiyejua kalamu,
wadeni wakamnywa yeye hadi minazi ikauzwa.

Kombe, chupa mbili. Mishkaki minne.
Kombe, chupa tatu. Ng'onda nusu, pilipili nyingi.
Kombe, mbili, sigara tano, viazi karai.
Kombe, nne. Timu imefungwa.
Kombe, nne. Timu imeshinda.
Kombe, tano. Mvua.

Miaka sita ya sikukuu.
Mboga za majani hazimo, siuzi mchicha.
Chungwa limo mara moja,
alimnunulia mtoto.

Tulikwenda pamoja, daftari ndani ya mfuko wa unga.
Daktari, binti wa rika la mwanangu wa kwanza,
alipindua kurasa polepole,
akazipiga picha kwa simu
kama zinavyopigwa picha mbavu.
Nikamuuliza lililonikaba: ni mimi?

Akatua kalamu.
"Mama, hakuna awezaye kuinua chupa moja
akasema, ni hii.
Wapo walevi wanaozikwa na vitukuu,
wapo wasioonja walioletwa hapa.
Lakini kila chupa ni kijiwe kwenye mzani,
na pombe ikikutana na moshi kooni
hazijumlishwi, huzidishana.
Nyama iliyoungua, chumvi ya kila siku,
matunda yasiyoliwa,
navyo vina uzito wao."

"Na chai ya moto?" nikauliza,
maana yangu huinywa ikitokota.
"Iache ipoe," akasema,
akaita jina la mgonjwa mwingine.

Mtaani walikuwa wameshampata mchawi:
shangazi yake wa Jomvu, mwenye jicho jekundu.
Nilitaka kuwaambia
mchawi ana kurasa mia mbili
na mwandiko wake ni wangu.
Sikuwaambia.

Wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Langu sikulitia hata tone.
Leo natamani wangenisifu zaidi.

Jioni wateja walikuja, wakamuulizia, nikawaeleza.
Walinyamaza muda wa mvuto mmoja wa mrija.
Kisha Ngumbao akasema, "Ongeza."
Nikaongeza.
Ada ya muhula wa pili haijui huruma,
na mimi sijui kazi nyingine.

Ila mafuta ya karai nimeyamwaga,
yale ya wiki mbili, meusi kama wino.
Mishkaki ikiungua naikwangua,
na kila sahani naitilia kachumbari bure.
Wanacheka: Mbodze amekuwa nesi!
Wengine wanaila.
Wengine wanaisukuma pembeni kwa kidole,
nami siku hizi hilo pia naandika.

Sidi alipoleta daftari alikuwa amekunja ukurasa wa mwisho.
Shilingi elfu moja mia tatu na arubaini.
"Na hili je?"
Nilishika kalamu, nikaishusha.
Nikilikata, nitakuwa nimemzika.
"Mwambie atalipa mwenyewe," nikasema,
"aje kwa miguu yake."
Sidi alicheka kidogo, kicheko chenye maji.

Ameshaondoka.
Chai yangu iko juu ya kiti, inatoa mvuke.
Naitazama.
Miaka hamsini na mmoja,
sijawahi kuisubiri chai.