Ukuta wa Novemba

Kalenda ilitoka ndani ya begi la mitumba,
mnada wa Kilwa Masoko, elfu nne begi na vilivyomo:
mkanda usio na pini, soksi moja ya mtoto,
na miezi kumi na miwili ya mji uitwao Siena,
mwaka wake umeshapita, picha bado mbichi.
Nikavuka nayo, nikaipigilia kibandani Kisiwani,
juu ya mapipa, pale vumbi jeupe lisipochagua cha kufunika.

Mimi Somoe binti Ndembo, mchoma chokaa.
Napanga magogo, napanga matumbawe,
moto unakula usiku kucha; asubuhi jiwe limekuwa jepesi,
ukilimwagia maji linachemka kama lina kisasi.
Ndivyo walivyofanya waliojenga huku.
Kazi haijabadilika. Aliyebadilika ni mwenye mkono.

Januari: uwanja umebonyea kama kombe,
matofali yake rangi ya korosho iliyokaangwa.
Machi: kanisa la mistari, jeusi, jeupe, jeusi, jeupe.
Mbaraka, kijana wangu wa kubeba maji, akasema:
"Hili limevaa jezi."
Juni: Bikira mwenye shavu la kijani kibichi
na nyuma yake dhahabu, dhahabu tupu, bila mlima wala mti.

Nilisimama Juni siku nyingi.
Dhahabu ile ilitoka wapi?
Hapa ilipita ya Sofala, ikapimwa, ikatozwa, ikaenda zake.
Sisemi ndiyo hiyo. Nauliza tu,
kama mama anayeona mtoto wa watu
ana pua ya ukoo wake.

Vyumba vyetu upana wake ni urefu wa boriti:
mkoko ukikoma, chumba kimekoma.
Mwenye mali aliongeza vyumba, hakuongeza upana.
Wale wa Siena, sijui miti yao iliota wapi.

Halafu Novemba.
Ukuta mmoja, mrefu, madirisha hayana chumba nyuma,
mbingu inaingia na kutoka bila hodi.
Mwalimu Nampoka alinisomea kwa kamusi ya kuazima,
akiruka maneno yaliyomshinda:
walitaka kanisa kubwa mno,
lile la mistari liwe ubavu wake tu.
Ukaja ugonjwa, mwaka elfu moja mia tatu arobaini na nane.
Mafundi wakafa, na waliowatuma wakafa.
Ukuta ukaachwa umesimama, kama aliyesahau alichofuata.

Nikatoka nje, mwiko mkononi.
Kule juu ya mwamba, Husuni Kubwa:
birika la pembe nane, ngazi zinazoteremkia maji,
karne ile ile, na waliochimba wanasema
huenda nayo haikumalizika.
Kwetu hakuna aliyeandika sababu.
Sentensi imekatikia katikati, kalamu imewekwa chini,
labda mwandishi aliitwa chakula.

Bwana wa mambo ya kale akija hurudia agizo moja:
"Msimalizie. Zuieni tu kuanguka."
Jaribuni siku moja, jamani,
kuziba ufa bila kuongeza neno.

Nami nina husuni yangu, Masoko, nyuma ya mashine ya Mchopanga.
Imefika kwenye linta, mwaka wa tatu huu.
Nondo zimechomoza, zinashika kutu, kunguru ndio wapangaji;
sebuleni umeota mpapai, na umezaa.
Bi Esha Likungwa akipita lazima aulize:
"Somoe, tunakula lini pilau ya kuhamia?"
Zamani nilikuwa nainamisha kichwa.
Siku hizi namjibu kwamba upo mji naufahamu,
una maaskofu, una mabenki, una maprofesa,
linta yao inaelekea mwaka wa mia saba
na watu wanapanda ndege kwenda kuitazama.
Anacheka mpaka anashika kiuno.

Mchwa wamekwisha kula Desemba.
Jana, nilipobakiza chokaa kidogo kwenye karai,
niliizungushia Novemba pembeni,
wasifike.