Kumi na Mbili kwa Mia

Nikampangusa bega kwa spiriti,
pamba ikarudi na vumbi la Muyeye na mafuta ya nazi.
"Baridi," akasema Mbodze, "kama pua ya mbuzi."
Nikabandika vibandiko viwili, upana wa kidole kati yao,
pale shingo inaposhuka ikawa bega,
na cha tatu juu ya mfupa, mahali pasipo na la kusema.

Kwanza, nikamwambia, nipe nguvu zako zote.
Mkanda huu umefungwa chini ya kiti. Uvute juu, kwa bega.
Bila hizo zote, namba zangu ni kelele tupu:
ngozi nene, ngozi nyembamba, jasho, waya uliolegea.
Simpimi mtu kwa bega la jirani.
Kila mtu na kibaba chake.

Akavuta. Mstari ukaruka kwenye skrini, ukatua.
Ndizo zote?
"Zote nikupe wewe, na Jumamosi nina bibi harusi?"

Tukarudia, tukapumzika, tukarudia.
Mara ya tatu alifumba macho,
sijui alimkumbuka nani na deni gani,
mstari ukapanda ukatoka nje ya skrini.
Huo nikauandika: mia.

Kisha akarudi kazini, nyaya zikining'inia mgongoni
kama rasta alizosahau kuzifunga.
Mteja kwenye kigoda, kichwa kimekatwa viploti,
vidole vinaingia, vinatoka, vinaingia,
viwiko hewani toka saa tatu.

Nilitarajia milima. Nilikuta uwanda.
Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Juma lililopita nilimpima mchukuzi wa saruji:
alifika themanini, akautua mfuko,
mstari wake ukalala chini kama paka wa buchani.
Wa Mbodze haukulala.
Nilitafuta pengo, hata la nusu sekunde,
msuli ukijisahau kidogo.
Saa nne nzima, mapengo matatu:
simu ilipolia,
alipohesabu chenji,
na mteja aliposema neno kuhusu mumewe,
mikono ikashuka yenyewe mapajani.

Jioni nikamwonyesha karatasi.
"Kumi na mbili tu?"
Akaona haya, kana kwamba nimemletea matokeo ya mtihani.
"Kumbe mimi sifanyi kazi."

Nilikuwa na maneno, nimeyasomea miaka minne,
yakakwama kooni kama mwiba wa dagaa.
Nikaomba chanuo.
Nikasimama nyuma ya kigoda kitupu,
nikainua viwiko, nikasuka hewa.
Chanuo lile halina uzito wowote.
Mbodze akabandika chai jikoni, akaegemea mlango, akinitazama.
Sufuria haijaanza hata kuimba,
na bega langu, lisilo na waya,
lilikwisha anza kutafuta pengo.